Vito, Hirizi na Jiwe la Nyoka

Wanadamu walivaa mawe kabla hawajajua kusoma, na walipojua kusoma wakaandika maneno juu ya mawe yale yale, wakazidi kuyaheshimu. Hadithi za vito ni nyingi mno, na mtu akitaka kuzisimulia zote zitajaza magazeti ya mwaka mzima. Mimi nataka kulishika jambo moja tu: watu wenye akili timamu, tena wengine wao wataalamu wakubwa wa zama zao, waliaminije kwamba jiwe lisilo na pumzi laweza kumlinda mtu na ulevi, na uchawi, na sumu? Na walipoanza kushuku, walishuku kwa njia gani?

Kwanza tuyatazame majina. Neno hirizi latoka katika Kiarabu, na maana yake ni kinga, au mahali palipozungushiwa boma. Talasimu nalo tumelipata kwa Waarabu, lakini Waarabu walilipokea kwa Wayunani, ambao walisema telesma, yaani kitu kilichokamilishwa kwa ibada. Kisha watu wa Ulaya wakalichukua tena kwa Waarabu wakaenda nalo kwao. Basi mzee wa pwani amkanyaye mjukuu wake asiguse talasimu ya watu, atumia neno ambalo kuhani wa kipagani wa Uyunani angalilitambua. Nasema haya mapema kwa sababu mara nyingi husemwa ya kuwa hirizi ni mambo ya Waafrika peke yao. Sivyo, na vitabu vya mataifa mengine vyashuhudia.

Katika Misri ya kale kila rangi ilikuwa na kazi yake. Feruzi, ambayo rangi yake ni kama maji na majani machanga, ilikuwa ya furaha na ya kuzaliwa upya. Ilichimbwa katika jangwa la Sinai, na huko Serabit el-Khadim wachimbaji walimjengea hekalu mungu wao wa kike Hathor, wakamwita Bibi wa Feruzi. Yaspi nyekundu ilichongwa mfano wa fundo la mshipi, ikaitwa fundo la Isis, ikawekwa shingoni mwa maiti, kwa kuwa wekundu wake ulifananishwa na damu ya Isis mwenyewe. Jiwe la lazuli, lenye rangi ya samawati iliyokolea, lilitoka mbali kupita yote, milima ya Badakhshan katika nchi iitwayo sasa Afghanistan. Wasumeri pia walilitaka jiwe hilo. Husimulia kwamba mungu wao Inanna aliposhuka kuzimu alikuwa amevaa shanga za lazuli na kushika kipimo cha lazuli, naye akavuliwa kitu kimoja katika kila mlango wa milango saba, hata akafika mbele ya dada yake uchi, bila kinga wala nguvu, akafa. Katika hadithi hiyo pambo na enzi ni kitu kimoja. Mtu akivuliwa shanga amevuliwa na ufalme.

Lakini hirizi ya Wamisri iliyo ya ajabu kupita zote ni ile ya moyo. Waliamini kwamba mtu akifa moyo wake hupimwa katika mizani, upande mmoja moyo, upande wa pili unyoya wa Maat, maana yake unyoya wa kweli na haki. Na moyo ukionekana umelemewa na maovu, huliwa na mnyama mkali akaaye karibu na mizani. Basi kifuani mwa maiti waliweka jiwe la kijani lililochongwa mfano wa yule mdudu mweusi asukumaye donge la mavi, ambaye kwao alikuwa mfano wa jua lisukumwalo mbinguni. Chini ya jiwe waliandika maneno ya kuusihi moyo usisimame kuwa shahidi juu ya mwenyewe mbele ya mwamuzi. Tazama hila iliyomo! Hirizi nyingine humzuia adui atokaye nje. Hii humziba kinywa shahidi aliye ndani. Naona mtu aliyeitunga kwanza alijua habari za dhamiri kuliko wengi waandikao juu yake siku hizi.

Kaburi la mfalme Tutankhamun lilivumbuliwa na Howard Carter mwaka 1922, na sanda zake zilipofunguliwa vilionekana vitu 143 vilivyofungwa pamoja na maiti, vingi vyao vikiwa vya kinga. Miongoni mwa mapambo yaliyokuwa kaburini mlikuwamo pambo la kifuani lenye mdudu yule yule, wa rangi ya manjano inayoelekea kijani, na kwa miaka mingi wataalamu walidhani ni jiwe la kawaida. Mwishoni mwa karne ya 20 likapimwa, likaonekana ni kioo kilichotoka jangwa la magharibi ya Misri, mahali ambapo mchanga uliyeyuka kwa moto mkuu zamani sana, yapata miaka milioni 29 iliyopita, na wengi husema ni kwa kupigwa na kitu kilichoanguka kutoka angani. Wachongaji wa mfalme hawakuyajua hayo. Waliona kitu kinachong'aa, kisichofanana na kingine, wakakichagua.

Wayunani walikuwa na njia nyingine ya kufikiri: kwao jina lilikuwa hoja. Amethisto kwa Kiyunani maana yake ni kisicholevya. Rangi yake ni ya divai iliyotiwa maji mengi. Basi watu wakasema mwenye kuvaa amethisto hatalewa. Plinio Mzee, yule Mrumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kitabu kizima juu ya vito, nacho ni cha 37 na cha mwisho katika kazi yake kubwa juu ya maumbile. Humo awacheka Mamajusi kwa kusema kwamba amethisto ikiandikwa jina la jua na la mwezi, ikafungwa shingoni kwa nywele za nyani na manyoya ya mbayuwayu, itamlinda mtu na uchawi, na kumpatia kibali mbele ya wafalme, na kuzuia mvua ya mawe na nzige. Ndiyo, awacheka, lakini kurasa chache nyuma, yeye yule aandika kwa utulivu kabisa kwamba almasi ikiwekwa juu ya fuawe huvunja nyundo, wala haiwezi kupasuka ila kwanza ikilowekwa katika damu ya mbuzi iliyo mbichi na ya moto.

Habari hii ya damu ya mbuzi ilidumu zaidi ya miaka 1,500. Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, aliyeishi tangu 354 hata 430, aliitaja katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu bila kuitilia shaka. Wala hakuwa mjinga. Hoja yake ilikuwa kwamba maumbile yana maajabu ambayo akili haiwezi kuyaeleza, na hapo hapo asimulia alivyostaajabu kuona kwa macho yake sumaku ikiinua pete, na pete ile ikiinua nyingine, hata ukawa mnyororo wa pete usio na kiungo. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye asili ya jambo lote. Sumaku huvuta chuma kweli. Kaharabu ikisuguliwa huvuta makapi kweli. Hata jina lake la Kiajemi maana yake ni mwibaji wa majani makavu. Mtu aliyekwisha kuyaona mawili hayo, atakataaje la tatu aliloambiwa na mtu mzima mwenye heshima? Sumaku iliwadanganya watu kwa ukweli wake.

Tena ni nani atakayejaribu? Almasi ni ngumu kuliko vitu vyote kwa kukwaruzwa, lakini ikipigwa nyundo hupasuka kama bilauri, bila damu ya mbuzi wala ya kuku. Mtu mmoja mwenye nyundo angaliweza kuimaliza hadithi ile asubuhi moja. Ila mwenye nyundo hakuwa na almasi, na mwenye almasi hakutaka kuileta karibu na nyundo. Ilipofika mwaka 1646 tabibu Mwingereza, Thomas Browne, alipoandika kitabu juu ya makosa yanayoaminiwa na watu wote, aliiweka habari hiyo miongoni mwa makosa, akitegemea ushuhuda wa mafundi wanaokata almasi kila siku. Vitabu vilimpita fundi kwa karne kumi na tano.

Nisiwasahau maaskofu. Marbode, aliyefanywa askofu wa Rennes katika Ufaransa mwaka 1096, alitunga shairi refu la Kilatini juu ya mawe yapata 60 na nguvu zao, nalo likanakiliwa kwa mkono mara nyingi mno. Yakuti samawi, asema, humtoa mtu kifungoni na kumpatanisha na Mungu; ila mvaaji awe msafi wa mwili. Sharti hili ni la kuangaliwa sana. Kwetu pia mganga humwambia mwenye hirizi asile chakula fulani, au asipite mahali fulani, na hirizi isipofaa, mwenye hirizi ndiye aliyevunja mwiko. Hirizi yenye mwiko haishindwi kamwe. Mtawa Hildegard wa Bingen, wa karne ya 12, alieleza kwamba shetani huyachukia mawe ya thamani kwa sababu yamkumbusha uzuri aliokuwa nao kabla ya kuanguka. Na Albertus Magnus, mwalimu wa Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliandika kwamba yeye mwenyewe aliona yakuti samawi ikiponya majipu. Hao ndio walimu wa walimu wetu.

Msomaji wa Biblia ataniuliza juu ya kile kifuko cha kifuani cha Haruni, chenye mawe kumi na mawili. Katika kitabu cha Kutoka mawe yale si hirizi: kila moja lilichorwa jina la kabila la Israeli, ili kuhani aingiapo patakatifu awachukue wote moyoni kuwa ukumbusho. Lakini mwandishi Myahudi Yosefo, wa karne ya kwanza, akasema yaweza kufahamiwa kuwa ni miezi kumi na miwili, au nyota za falaki. Na kutoka hapo, kidogo kidogo, ikatoka desturi ya kusema kila mtu ana jiwe la mwezi aliozaliwa. Orodha itumiwayo sasa ilipangwa na wauza vito wa Marekani mwaka 1912. Na hapa nchi yetu yaingia. Mwaka 1967 katika vilima vya Merelani, kusini ya Kilimanjaro, lilipatikana jiwe la buluu lenye kuelekea zambarau, na mwaka uliofuata duka la Tiffany la New York likalitangaza kwa jina la tanzanaiti. Wauzaji husimulia kwamba radi ilichoma nyasi, na wafugaji waliporudi wakaona mawe ya kahawia yamegeuka buluu. Kuwa mawe mengi ya huko hugeuka rangi yakitiwa moto ni kweli, na mafundi hufanya hivyo makusudi katika tanuri. Mengine katika hadithi ile ni ya dukani. Mwaka 2002 jumuiya ya wafanya biashara ya vito wa Marekani ikaliongeza katika orodha, likawa jiwe la watu waliozaliwa Desemba. Jiwe ambalo bibi zetu hawakulijua jina, leo lina mwezi wake. Kuhani hakuhitajiwa; mkutano wa wafanya biashara ulitosha.

Sasa nije katika habari niipendayo kuliko zote, nayo ni ya zumaridi na nyoka.

Tangu zamani zumaridi imesifiwa kwa macho. Theofrasto Myunani aliandika hivyo, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, na Plinio asema wachora vito waliochoka macho waliyapumzisha kwa kuitazama. Hili si jambo la kushangaza, kwa kuwa hata sisi tukitoka darasani huinua macho tukatazama majani ya miti. Kwa upande mwingine, watu wa Bara Hindi walikuwa na hadithi yao, iliyomo katika Garuda Purana, kwamba mawe yote ya thamani yalitoka katika mwili wa jitu Vala alipouawa: mifupa yake ikawa almasi, meno lulu, damu yakuti nyekundu. Nyongo yake ilichukuliwa na Vasuki, mfalme wa nyoka, akaruka nayo. Lakini Garuda, yule ndege adui wa nyoka, akamshambulia njiani, na nyongo ikaanguka juu ya mlima ikawa zumaridi. Kwa hiyo, husema, zumaridi ina nguvu juu ya sumu. Basi ukiyaunga mawili, jiwe la macho na jiwe lishindalo nyoka, utapata neno lililoenea katika nchi zote za Kiislamu zamani zile: nyoka akiitazama zumaridi macho yake hupasuka.

Karne ya 11 alikuwapo mtaalamu aitwaye Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm, akakaa miaka mingi katika baraza la masultani wa Ghazna. Katika uzee wake aliandika kitabu juu ya johari na madini, na katika kazi zake aliupima uzito wa mawe kwa kulinganisha na maji, hata aweze kulitambua la kweli na la uongo. Alipofika katika habari ya zumaridi, aliona kwamba wasimulizi wote wamekubaliana juu ya nyoka. Mtu mwingine angalisema, wote wamekubaliana, basi imetosha. Al-Biruni akamtafuta nyoka. Akamvisha nyoka huyo mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi ndani ya kikapu chake, akampungia mbele ya macho uzi uliotungwa zumaridi, akaendelea hivyo miezi tisa, wakati wa joto na wakati wa baridi. Mwisho akaandika, kana kwamba anatabasamu, ya kuwa alibakiza tu kumpaka nyoka zumaridi machoni kama wanja. Na kwamba macho yake hayakudhurika hata kidogo, kama si kuzidi kuona.

Nafurahi sana nikiifikiri miezi ile tisa. Siku moja ingalitosha kwa mtu mwenye haraka. Lakini al-Biruni alijua kwamba mwenye kushikilia hadithi atasema siku ile ilikuwa ya baridi, au jiwe lile lilikuwa moja tu, au nyoka hakulitazama vema. Alizifunga njia hizo zote kwanza. Tena vito vilikuwa vya sultani, kikapu kilikuwa cha nyoka, na mzee alikuwa na miaka yapata sabini.

Ningependa kusema kwamba hadithi ikafa siku ile. Haikufa. Miaka yapata mia mbili baadaye, Ahmad al-Tifashi, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyekaa Misri, akafa mwaka 1253, aliandika kitabu kizuri juu ya mawe 25, chenye bei na mahali yanapochimbwa, kitabu cha mtu aliyeijua biashara. Naye asema aliijaribu zumaridi. Alimpata mshika nyoka amletee nyoka mwenye sumu, akamtia katika bakuli, akabandika kipande cha zumaridi kwa nta kwenye ncha ya mti, akakisogeza karibu na macho ya nyoka. Akasikia mlio mdogo, kama wa kusaga chawa kwa ukucha, na tazama, macho yametokeza nje!

Basi tunao mashahidi wawili, wote wataalamu, wote wasema nimeona kwa macho yangu, na maneno yao hayapatani. Watoto wa shule wakiulizwa nani amwambia kweli mwenzake, aghalabu hujibu kwa kuhesabu nani mkubwa au nani alitangulia. Lakini wawapime kwa kazi yao. Al-Tifashi alifanya mara moja, kwa nyoka aliyeshikwa na kuudhiwa, na jiwe lilisukumwa karibu kabisa na jicho; wala hakujaribu, walau hasemi, kusukuma kipande cha mti mtupu aone kama mlio utakuwa ule ule. Nyoka wa leo hawapasuki macho kwa zumaridi, na wa wakati ule walikuwa nyoka hawa hawa. Sidhani al-Tifashi alikusudia kusema uongo. Nadhani alikwenda bakulini akiwa amekwisha kusikia mlio.

Kwa habari ya sumu, watu wa Ulaya walilitegemea zaidi jiwe jingine, liitwalo bezoari. Jina lake ni la Kiajemi, padzahr, maana yake kinga ya sumu, nalo hupatikana tumboni mwa mbuzi wa mwitu, limejifanya tabaka kwa tabaka kuzunguka nyasi au nywele. Wafalme walilinunua kwa dhahabu, wakalitia katika vikombe vyao. Mfalme Charles IX wa Ufaransa, aliyetawala tangu 1560 hata 1574, aliletewa moja kutoka Hispania, akamwuliza tabibu wake wa vidonda, Ambroise Paré, kama kuna kitu kimoja kiwezacho kushinda sumu zote. Paré akajibu la, maana sumu hazifanani, nazo hazidhuru kwa njia moja. Mwenye jiwe akakana. Basi, wakati ule mpishi mmoja alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kuiba sahani mbili za fedha. Akaulizwa kama yu radhi kunywa sumu, kisha apewe bezoari, na akipona aachwe huru. Akakubali kwa furaha. Akapewa sumu ya zebaki, na bezoari nyuma yake. Paré alimkuta akitambaa kwa mikono na miguu kama mnyama, ulimi nje, damu ikimtoka. Akafa baada ya saa saba za mateso, akilia kwamba afadhali angalinyongwa. Mfalme akaamuru jiwe litupwe motoni.

Habari hii husimuliwa kama ushindi wa elimu. Mimi siwezi kuisoma bila kumfikiri mpishi. Sahani mbili! Kweli ilijulikana, lakini kwa njia ambayo tabibu mwema hawezi kuifuata. Wala watu hawakuacha bezoari. Walisema tu kwamba jiwe lile halikuwa halisi. Mwaka 1603 huko London mtu mmoja aliyeuziwa jiwe kwa paundi 100 kwa jina la bezoari alimshtaki sonara kwamba si bezoari, akashindwa, maana sonara alikuwa amesema tu kwamba ndiyo, bila kulichukulia dhamana.

Na sasa nafika nyumbani. Wengi wetu twalijua jiwe la nyoka, lile jeusi, jepesi, ambalo hubandikwa penye jeraha la nyoka. Laitwa hivyo Bara Hindi, na katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki na Kongo. Watu wengi walilipata katika misioni, kwa kuwa wamisionari wenyewe walilieneza kwa nia njema. Nimeliona katika sanduku la dawa la shule, limefungwa katika kitambaa pamoja na karatasi ya maelezo: kwangua jeraha kidogo hata damu itoke, bandika jiwe, litashika, litakapokwisha kunywa sumu litaanguka lenyewe, lichemshe, lioshe katika maziwa, litafaa tena.

Jiwe hilo si jiwe. Ni mfupa wa ng'ombe uliokatwa na kuchomwa ndani ya moto usiopata hewa hata ukawa mweusi kama makaa. Mfupa uliochomwa hivyo una vitundu vidogo mno, hunyonya maji, nao hushika penye damu kwa sababu hiyo tu. Ukitiwa katika maziwa hutoa povu, kwa kuwa hewa yatoka vitunduni. Yote yaonekanayo ni ya kweli, kama sumaku ya Augustino. Kisichoonekana ni sumu, ambayo dakika chache baada ya kuumwa imekwisha kuingia mwilini, wala jiwe lililo juu ya ngozi haliwezi kuifuata.

Hata ugomvi juu yake ni wa zamani. Katika karne ya 17 mawe ya namna hiyo yaliletwa Ulaya kutoka Bara Hindi. Athanasius Kircher, Mjesuiti mwenye elimu nyingi, aliandika mwaka 1667 kwamba mbwa aliyeumwa na nyoka alipona kwa jiwe. Francesco Redi, tabibu wa mtawala wa Toscana, alilijaribu jiwe mara nyingi, akaona wanyama wanakufa na jiwe liko pale pale, akachapisha habari hizo mwaka 1671 katika waraka aliomwandikia Kircher mwenyewe. Mbwa wa Kircher alipona, sina shaka. Nyoka wengi hawana sumu. Na hata mwenye sumu huuma mara nyingi bila kuitia. Kila anayeumwa hivyo, akibandikwa jiwe, atapona, na kijiji kizima kitashuhudia. Na mtu akifa watasema jiwe lilichelewa. Katika miaka hii wataalamu wamelijaribu kwa panya waliotiwa sumu, wala halikuwafaa.

Ningaliweza kuliacha jiwe hili pamoja na amethisto na damu ya mbuzi, kama si hesabu moja. Shirika la Afya la Dunia lakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa nyoka, na wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini. Mvaaji wa amethisto akilewa ataamka kesho. Mtoto aliyeumwa na moma njiani kwenda kuteka maji, akikaa nyumbani tangu adhuhuri hata magharibi akingoja jiwe lianguke, ameibiwa saa ambazo hazirudi.

Dawa iliyo ya kweli ilitangazwa Ufaransa mwaka 1894, na Phisalix na Bertrand, na pia na Albert Calmette, aliyekuwa ameona huko Saigon watu waliouawa na swila. Farasi hutiwa sumu kidogo kidogo, mwili wake ukajifunza kuishinda, kisha maji ya damu yake hutiwa katika mshipa wa mgonjwa. Ukilifikiri, ni jambo la ajabu kuliko zumaridi. Nalo pia halina nguvu juu ya sumu zote, kama Paré alivyomwambia mfalme, bali yataka kulingana na nyoka aliyeuma. Tena ni ghali, yataka kutunzwa vema, na zahanati nyingi za bara hazina hata chupa moja. Nimesikia watu wa mjini wakiwalaumu wanavijiji kwa kushika jiwe jeusi. Mama ambaye zahanati yake haina dawa, na hospitali iko mwendo wa siku, akiambiwa atupe jiwe, ameambiwa akae mikono mitupu. Siwezi kumlaumu yeye kwanza. Namwambia tu kwamba mtoto alazwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, kisikatwe wala kufungwa kamba, naye achukuliwe upesi hata kwa baiskeli; na kama lazima kubandika jiwe, abandikwe akiwa njiani.

Darasani tumefanya kama al-Biruni, ila bila nyoka. Watoto walileta mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani, tukauchoma ndani ya mkebe uliofunikwa, tukaukata vipande, tukaviweka mezani pamoja na lile la kwenye sanduku la dawa. Vyote viligusishwa ulimi, vyote vikanata. Vyote vilitiwa katika maziwa, vyote vikatoa povu. Kisha mvulana mmoja akachukua kigae cha chungu kipya, akakigusisha ulimi, nacho kikanata. Akakitia katika maziwa, povu likatoka. Wenzake wakamtaka aeleze kigae hicho chaponya nyoka gani.